Kiwiko Kwenye Ukurasa wa Marehemu

Jumatatu, 8 Septemba 2025

Nimetukanwa! Kivuva, aliyehamia Buruburu na bado anajiita mwanahistoria wa mtaa wetu wa Mbotela, amemfungulia Shitanda ukurasa wa kumbukumbu kwenye tovuti yake. Shitanda, fundi redio, jirani yangu wa miaka thelathini, tuliyemzika Julai. Kampa sentensi tatu! Na picha moja: Shitanda mlangoni pa kibanda chake. Kando yake, kiwiko. Changu! Mimi mwenyewe nimekatwa.

Nimempigia simu. Nikamweleza kwamba madola yameanguka kwa kukata watu kwenye picha. Akajibu kwamba hata kiwiko ni historia, mzee wangu, nishukuru hakukiondoa.

Jumanne, 9 Septemba

Mkakati: nitafungua ukurasa wangu. Mkubwa.

Nimekwenda kuomba ruhusa kwa Nerima, mjane wa Shitanda. Alikuwa akichambua kunde. Akakubali upesi, hata nikaona haya. Binti yao Clare yuko kazini Doha, na alinyimwa likizo ya kuja kumzika baba yake. Jumapili kuna ibada ya ukumbusho. Clare ataifuata kwa simu na kuwasomea waumini habari za babake kutoka ukurasa wangu. Ombi la Nerima ni moja tu: niandike jinsi Shitanda alivyoweka redio dirishani siku za mpira, ili wasio na redio wasikie. Nikamwambia hilo aniachie mimi. Akasema nisisahau, Baba Austine, maana ananijua.

Alhamisi, 11 Septemba

Maneno elfu nne! Nimeanza na utangulizi juu ya jiji lisilojua kukumbuka. Kisha vita vyangu vya kudai mfereji wa maji mtaani, mwaka 1997. Kisha barua zangu magazetini, zilizochapishwa na zilizokataliwa. Kisha sura nzima ya kumjibu Kivuva. Redio itakuja mwishoni. Kichwa: "Shujaa wa Mbotela Ametutoka". Picha ni ile ile, nakala yangu isiyokatwa. Ila uso wa Shitanda uko kivulini, nami nimetoka vizuri sana. Nimeivuta kidogo upande wangu.

Ijumaa, 12 Septemba

Mishumaa mia tatu! Msomaji akibonyeza, mshumaa unawaka chini ya ukurasa. Kivuva ana arobaini na mmoja. Ha!

Adhuhuri shangazi Muhonja kapiga simu kutoka Webuye, analia. Nikapokea. Akauliza ni nani huyu anayechezea simu ya marehemu. Nikasema ni mimi, Opicho. Akasema nisimfanyie mzaha mama mzima. Picha kaiona, habari kazisoma, na wanaume wameshafunga turubai uani. Akataka nimtaje jina ng'ombe aliyenipiga teke utotoni. Nikamtaja. Ndipo akanitukana vizuri.

Nimesoma rambirambi. Zote zangu. Mmoja wa Kayole kaandika: "Pumzika, Opicho. Sasa na sisi tutapumzika." Mshenzi.

Ningesahihisha leo. Lakini mia tatu kwa arobaini na mmoja! Nitasahihisha Jumatatu.

Jumapili, 14 Septemba

Sebule ya Nerima imejaa viti vya kanisa. Simu imeegemezwa kwenye birika, Clare ndani yake, amevaa sare ya kazi. Akasoma utangulizi wangu. Akasoma mfereji. Akashuka ukurasani, akazidi kushuka. Kisha akamuuliza mamake, kwa sauti ndogo, baba yuko wapi.

Redio! Sikufika kwenye redio.

Nerima hakuniangalia. Heri angeniangalia.

Mchungaji Luseno akafungua ukurasa wa Kivuva, akasoma sentensi zote tatu. Ya pili ndiyo hiyo: redio dirishani. Clare akacheka, kisha akalia. Akasema yeye ndiye aliyekuwa akishika waya, na babake akimwambia asipumue ovyo, goli litapotea.

Nimerudi nyumbani na kuitazama picha yangu. Niko mzima, kifua mbele. Ukingoni kuna kiwiko. Cha Shitanda.

Niandike na hili, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Siku aliyofariki, asubuhi, aliniita hospitali. Nikasema nitakuja nikimaliza kumjibu Kivuva mtandaoni. Nilimaliza saa nane. Yeye alikuwa amemaliza saa sita.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeufuta ukurasa. Mishumaa mia tatu na kumi na miwili, puu!

Nimekwenda kwa Nerima. Alinimiminia chai. Mwishowe akasema nimwombe Clare radhi kwa mistari miwili, miwili, Baba Austine, nimpe Kivuva aiweke chini ya picha yake. Nikakubali. Nililia mbele ya kikombe.

Nimeketi kuandika. Shida ni kwamba radhi inahitaji maelezo. Nimefikisha maneno elfu mbili na bado niko mwaka 1997. Kivuva hana nafasi ya kazi kama hii. Itabidi nifungue ukurasa mwingine. Picha iko tayari: mimi, nikisikitika. Mke wangu Carolyne ndiye aliyenishikia taa. Kiwiko chake kilitokea kidogo upande wa kushoto.

Nimekikata.