Jinsi Ardis Tveiten Alivyoikomboa Bunduki Yake kwa Sahani ya Samaki

Tegeni masikio, enyi watu wa bara na wa visiwa, mlioketi na mliosimama, wenye kazi muiweke chini na wenye usingizi muufukuze, kwa maana leo siwasimulii habari za sultani aliyebomoa ngome, wala za jemadari aliyevuka jangwa na askari elfu. Nawasimulia jambo zito kuliko hayo. Nawasimulia jinsi Ardis Tveiten, mjane wa Gaylen, mpishi mstaafu wa shule ya Holmdal katika jimbo la Wisconsin, mwanamke wa miaka sabini na mmoja mwenye goti moja la chuma, alivyoitoa bunduki yake katika duka lililofungwa, mchana kweupe, siku mbili kabla ya msimu wa kulungu. Nami sikuhadithiwa. Nilikuwapo, nimeketi ndani ya pikapu yangu, chupa ya kahawa katikati ya mapaja.

Kwanza mjue chanzo cha vita. Ukoo wa Tveiten una kibanda cha mbao msituni, na kila mwaka, Jumamosi ya kabla ya sikukuu ya Shukrani, wanaume wa ukoo huo hukusanyika humo, wamevaa rangi ya chungwa toka kofia hadi soksi, wakawavizia kulungu siku tisa. Kwa miaka arobaini Ardis alikwenda pamoja nao, si kuwinda bali kupika. Miaka arobaini alikaanga, akachemsha, akakoroga, akasugua masufuria kwa maji ya theluji, huku mashujaa wakirudi na matope miguuni na kuuliza kuna nini cha kula. Ndipo siku ya Pasaka, mwaka wa pili tangu amzike mumewe, alipogonga glasi kwa kijiko mbele ya ukoo mzima, akatangaza kwamba mwaka huu naye atawinda.

Shemeji yake Lowell, mdogo wa marehemu, mtu mwenye tumbo la ngoma na sauti ya tarumbeta, alicheka hata kiazi kikamtoka mdomoni.

"Shemeji, utawinda na nini? Mwiko?"

"Na bunduki, Lowell."

"Ya nani? Sheria ya kibanda unaijua. Asiye na bunduki yake mwenyewe halali kitanda cha wawindaji. Ya kuazima haihesabiwi."

"Nitanunua yangu."

Lowell akasimama, akaweka kitambaa chake cha kufutia mdomo kifuani kama mtu anayekula kiapo. "Haya, mashahidi nyote mnisikie! Ukifika kibandani na bunduki yako Ijumaa kabla jua halijazama, mimi Lowell nitapika siku zote tisa. Usipofika nayo, shemeji yangu, jiko unalijua lilipo."

Meza nzima ikapiga makofi, na hapakuwa tena na njia ya kurudi nyuma.

Mwezi wa kumi, Ardis akaenda kwa Palmer Ringstad, fundi wa bunduki na mwenye duka la pekee Holmdal, akachagua silaha yake kama malkia achaguavyo farasi. Ilikuwa na kitako cha mti wa jozi na mtutu mweusi usio na doa. Akalipa yote, akajaza fomu zote, akachunguzwa na serikali akaonekana hana baya, kisha akaiacha hapo dukani ifungwe darubini. "Njoo Alhamisi ile ya kabla ya msimu," Palmer alimwambia. "Itakuwa tayari kama bibi harusi."

Alhamisi ikafika, naye akaja. Ole! Mlangoni palikuwa na karatasi iliyoandikwa kwa kalamu nene: NIMEFUNGA. MSIULIZE. P.R.

Uwanja wa duka ulikuwa umejaa pikapu kumi na nne, na ndani ya kila pikapu mwanamume mmoja ambaye bunduki yake ilikuwa mle ndani, ikisubiri kifyatulio au kitako au kusafishwa tu. Mimi nilikuwa mmoja wao. Tulikuwa tukija hapo tangu Jumatatu. Tulikuwa tumeizingira ngome, naam, lakini kwa namna ya watu wa Holmdal, yaani injini zikinguruma, hita zikiwaka, na hakuna hata mmoja aliyeshuka kugonga mlango, tusije tukamsumbua mtu.

"Labda atafungua," jirani yangu aliniambia kupitia dirishani.

"Labda," nikajibu. Hayo ndiyo yalikuwa mashauri yetu ya vita kwa siku nne.

Ardis hakututazama. Alipita katikati ya jeshi lile akichechemea, akaweka viganja viwili kwenye kioo cha duka, akachungulia. Akaiona! Ilikuwa imesimama nyuma ya kaunta, imefungwa darubini yake mpya, na kikaratasi cha njano chenye jina lake kinaning'inia shingoni. Kati yake na bunduki hiyo palikuwa na hatua sita, kioo kimoja, na mnyororo uliopita katika bunduki zote kama kamba ya mateka.

Akaenda mlango wa nyuma, kwa kuwa Ringstad na mkewe wanaishi palepale, akagonga. Sisi tulishituka. Kumbe ilikuwa inawezekana kugonga!

Akatoka Idella, mke wa Palmer, ameshika sepetu ya theluji.

"Idella, mumeo yuko wapi?"

"Yuko chini ya nyumba, katika chumba cha mafriza. Tangu Jumamosi amekaa chini huko kama kiazi."

"Anaumwa?"

"Angeumwa ningempa dawa. Amesusa, dada yangu. Ni yule samaki."

Hapa nisimame kidogo niwaeleze. Kila mwaka kanisa letu la Kilutheri huandaa karamu ya lutefisk, chakula walichokuja nacho babu zetu kutoka Norwe. Ni samaki mkavu aliyelowekwa maji, kisha magadi, kisha maji tena, hata mwili wake ukalegea na kung'aa na kuteleza kama bamia iliyochemshwa kupita kiasi. Mwaka huu Palmer alipewa yeye jukumu la kumtayarisha, kwa mara ya kwanza, akamtayarisha kwa fahari. Watu mia tatu wakaja. Watu mia tatu wakala kababu zilizowekwa pembeni. Samaki akarudi jikoni sinia baada ya sinia, na kila Palmer alipouliza, watu walitabasamu wakamjibu, "Ni wa aina yake." Katika Holmdal hakuna tusi linalozidi hilo. Mtu akisema hivyo kuhusu gari lako, liuze.

"Basi nifungulie wewe," Ardis akasema. "Ufunguo si unao?"

"Wa mlango ninao. Namba za kufuli la mnyororo ziko kichwani mwake. Na hata ningezijua, leseni ni yake, daftari la serikali anasaini yeye. Nikikukabidhi mimi, nitakwenda kujieleza mbele ya hakimu."

"Nionyeshe ngazi."

"Ardis, ziko kumi na tatu. Na goti lako?"

"Nionyeshe ngazi, Idella."

Akashuka. Wenye kutunga nyimbo watunge kuhusu ngazi zile kumi na tatu, kwani kila moja ilikuwa mlima uliogeuzwa, na goti la chuma lililia katika kila moja, naye hakulia katika hata moja. Nasi, tulipoona amepotelea ndani, tuliona haya hatimaye. Tukashuka kwenye pikapu, tukalala kifudifudi juu ya theluji, wanaume kumi na wanne, tukachungulia kwenye kidirisha cha chumba cha chini.

Palmer alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, kati ya mafriza mawili yaliyojaa samaki, kama mfalme aliyepinduliwa akiwa na hazina ambayo hakuna anayeitaka.

"Rudi juu, Ardis," akasema. "Mimi na mji huu, basi. Miaka thelathini na tatu nimewatengenezea mitutu! Nani alifungua duka siku ya tufani ya theluji, kwa ajili ya mtu mmoja tu aliyetaka mafuta ya kulainishia? Ni mimi! Nani aliwatafutia skrubu zisizotengenezwa tena duniani? Ni mimi! Nami nikawapa samaki wa babu yangu, kwa mikono hii, wakaniambia wa aina yake. Haya. Wakawawinde kulungu kwa mawe!"

"Mimi sikukuambia hivyo, Palmer. Jumamosi nilikuwa nyumbani na mafua."

Fundi akainua kichwa. Polepole mwanga ukamwingia machoni.

"Kwa hiyo hujamwonja."

"Sijamwonja."

"Basi tufanye hivi. Utakula sahani nzima, hapa, mbele yangu. Hakuna kababu, hakuna kahawa ya kushushia. Ukimaliza, unitazame usoni uniambie alivyo. Ukisema wa aina yake, bunduki yako itakaa ukutani mpaka nizikwe."

"Idella," Ardis akaita, bila kumwondolea Palmer macho, "pasha moto."

Ukaja ule uvundo kabla ya sahani yenyewe. Ulipenya kwenye nyufa za dirisha ukatukuta thelujini, na mmoja wetu, aliyewahi kupigana vita vya kweli ng'ambo, akageuza uso. Mbwa wa nyumba akakwangua mlango atolewe nje. Kisha sahani ikashushwa, kubwa, ya mviringo, samaki akitetemeka juu yake kwa mwendo wa ngazi na akiendelea kutetemeka hata ngazi zilipokwisha, viazi viwili pembeni kama walinzi, na siagi iliyoyeyuka ikizunguka pande zote kama handaki la maji.

Ardis akaketi, akafunga kitambaa shingoni, akashika uma.

Shambulio la kwanza halikufaulu, maana samaki aliteleza akakimbilia ukingo wa sahani. La pili likamkamata ubavuni. Akamtia mdomoni, akameza, na koo lake likapanda na kushuka kama ndoo kisimani. Hakukunja uso. Akarudi tena vitani, na tena, na tena. Katikati ya sahani mkono wake ulisimama hewani, nasi kule nje tukashikana mikono bila kujua tunashikana, kwani tulidhani ameshindwa. Lakini alikuwa anautenga mfupa kwa ulimi tu. Akautoa, akauweka pembeni kwa adabu, akaendelea. Akala samaki, akala viazi, akafuta siagi kwa kipande cha mwisho, akaweka uma chini. Sahani ilikuwa nyeupe.

"Sema," Palmer akanong'ona.

Ardis akamtazama usoni.

"Palmer, nimepikia watoto mia nne kila siku kwa miaka ishirini na saba. Juu ya chakula sijui kudanganya. Siagi yako ni nzuri. Viazi ni vizuri. Samaki ni sabuni."

Nje, mtu akasema, "Tumekwisha."

"Umemwacha kwenye magadi siku mbili zaidi," Ardis akaendelea, "na hukumsuuza vya kutosha. Ameanza kuwa sabuni. Ningeweza kumfulia mapazia."

Midomo ya Palmer ilicheza. Akamgeukia mkewe. "Siku mbili?"

"Nilikuambia," Idella akasema. "Mama yako alikuwa akimtoa siku ya tatu. Wewe ukasema unafuata ya babu."

"Sasa mbona watu mia tatu hawakuniambia?"

"Kwa sababu wanakupenda," Ardis akasema, "na ni waoga. Watazame." Akaelekeza uma dirishani, kwenye nyuso zetu kumi na nne zilizobanwa kwenye kioo.

Palmer Ringstad akatutazama kwa muda mrefu. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na tulidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini alikuwa pia anacheka, akirudia neno lile, "Sabuni! Sabuni!" mpaka ikabidi ashike friza asianguke. Alipotulia akampa Ardis mkono, wakapanda ngazi zile kumi na tatu pamoja, na haijulikani nani alimsaidia nani.

Karatasi ikabanduliwa mlangoni. Kufuli likazungushwa namba, mnyororo ukaanguka kwa kishindo, na mateka wakawa huru. Daftari likafunguliwa, likasainiwa. Palmer akaishika bunduki ya jozi kwa mikono miwili, akaifuta kwa kitambaa laini mara moja zaidi, akaitia ndani ya mfuko wa kubebea, akamkabidhi mwenyewe. Ardis alipotoka nayo uwanjani tulivua kofia zetu kwenye baridi ile, na jirani yangu akapiga honi, jambo ambalo hajawahi kulifanya hata harusini mwake.

Nasi tukapanga mstari kwenye kaunta. Kila mmoja alipofika, Palmer alimzuia kwa kidole. "Samaki alikuwaje?"

"Sabuni, Palmer," tukajibu, mmoja baada ya mwingine, wanaume wazima tukiona wepesi moyoni kama watu waliotoka kuungama. Naye akaitikia kwa kichwa kila mara, ameridhika, akatoa bunduki.

Ijumaa, saa tisa na nusu alasiri, jua likiwa bado juu ya misonobari, Ardis Tveiten akaingia kibandani, bunduki yake begani. Lowell akaikagua toka kitako hadi mdomo wa mtutu, akasoma jina kwenye karatasi za duka, akazisoma tena, akatafuta kosa, asilione. Kisha, kwa kuwa pamoja na kelele zake zote ni mtu wa neno lake, akaondoa mkoba wake kwenye kitanda kilicho karibu na jiko la kuni, kitanda bora kuliko vyote, akakipigapiga kwa kiganja.

"Lala hapa, mwindaji," akasema.

Basi iandikwe, na vizazi visome: mwaka ule wa arobaini na moja dola ya kibanda kile ilipinduliwa, pasipo risasi hata moja kupigwa, na mwanamke aliyekuwa akilishwa moshi akanyoosha goti lake la chuma mbele ya moto kama wawindaji wengine. Historia ya Wisconsin ingeweza kuanzia hapo, na yaliyotangulia yakaitwa dibaji. Lowell akasikika huko pembeni akifungua makabati na kuyafunga, akiangusha vifuniko, akigugumia, mpaka akatoa kichwa nje ya pazia la jiko, uso umejaa unga.

"Shemeji," akauliza kwa unyenyekevu ambao ukoo haukuwahi kuusikia, "hivi chumvi huwa inakaa wapi?"

Ardis alikuwa anafuta darubini yake. Hakuinua macho.

"Tafuta," akasema.