Tabaruku ya Nyimbo Sita za Ottilie

Jumatatu, 1 Machi 1841

Siku ya kumi na tisa ya ndoa. Bado kila nikiamka namtazama kwanza, nihakikishe yupo. Yupo. Ana wino kidoleni na tone jingine puani.

Amemaliza wimbo wa sita kabla ya kahawa. Akaucheza kwenye piano yetu, ile yenye funguo mbili bubu, huku akiimba taratibu. Nikalia. Wimbo wa tatu huniliza, wa tano pia, na sasa huu. Mimi ni karani wa ghala la karatasi, muziki sikuusomea, lakini machozi hayahitaji cheti.

Bwana Fickler wa chumba cha chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio. Fickler ni mpiga piano. Aliwahi kumposa Ottilie wangu, akakataliwa. Tangu hapo ufagio haujapumzika.

Mchana nikaenda kwa Bwana Rackwitz, mchapishaji wa muziki, kuuliza kama nyimbo zitawahi gulio la Pasaka. Akasema nyimbo ni nzuri, tena nzuri sana, lakini nani hapa Leipzig atanunua nyimbo za mke wa karani? Ukurasa wa kwanza unataka jina la bibi mkubwa aliyekubali kutabarukiwa, yaani kazi itolewe kwa heshima yake. Nimletee jina Jumatatu ijayo, atachapa. Nisipoleta, mtambo utachapa vipande vya muziki vya Fickler. Fickler tayari ana Kontesa wa kumtabarukia, na Kontesa amempa pete ya shukrani. Huivaa juu ya glavu.

Ottilie aliposikia hakushtuka. Akasema atatafuta njia yake. Akanishika mikono yote miwili, akasema, "Traugott, mume wangu, nakuomba kitu kimoja tu. Usifanye chochote."

Nikaahidi. Nikambusu pale penye wino.

Kisha nikamwandikia Baronesa von Ostrau, nikimwomba akubali kutabarukiwa.

Jumatano, 3 Machi

Baronesa kimya. Siku mbili nzima! Pengine barua yangu ilikuwa ndefu. Kurasa tisa. Lakini ningewezaje kumweleza Ottilie kwa kurasa nane?

Nimekutana na Fickler ngazini. Akauliza, kwa ile sauti yake ya asali, kama mke wangu bado anajiburudisha na vinyimbo. Nikamwambia vinyimbo hivyo vitatabarukiwa mtu ambaye Kontesa wake angempisha mlangoni. Akasema, "Nani huyo, mwuza samaki?" Akashuka akicheka, pete ikimetameta.

Hapo ndipo busara iliponijia. Mwenye akili hategemei mlango mmoja. Nikamwandikia Bibi Hempel, mke wa tajiri wa vitambaa, ambaye kila Jumapili alasiri huwa na muziki sebuleni kwake. Kurasa kumi na moja. Mmoja akikataa, mwingine atakubali. Wote wawili kukubali ni jambo lisilowezekana.

Ottilie anashona kifungo cha koti langu huku akiimba wimbo wa nne chini chini. Mimi ndiye mwanamume mwenye bahati kuliko wote Saksonia.

Ijumaa, 5 Machi

Wamekubali wote wawili.

Baronesa ameleta bangili ya fedha yenye mawe ya buluu. Bibi Hempel ameleta bata bukini mzima wa kuoka, aliyejazwa matofaa. Kila mmoja anasema ameguswa moyo, na anangoja nakala yake iliyoandikwa kwa mkono, yenye jina lake mbele.

Nikamwambia Ottilie bangili nimenunua mimi, na bata katoka kwa mjomba wangu wa Halle. Akaivaa bangili, akazungukazunguka chumbani kama msichana wa miaka kumi na sita. Akasema mjomba ana moyo mzuri, tumwalike. Mjomba alikufa mwaka juzi. Nikasema hapendi kusafiri.

Tukala bata. Mtamu ajabu.

Nimewaza sana juu ya zile nakala mbili. Jibu ni rahisi: mwandiko wangu mzuri, nitaandika zote mbili. Moja kwa Baronesa, moja kwa Bibi Hempel. Hawa hawatembeleani. Kila mmoja anamwona mwenzake si saizi yake. Kuhusu nakala ya kuchapwa, hilo ni suala la Jumatatu.

Jumamosi, 6 Machi

Nakala zimepelekwa. Nimezifunga utepe wa waridi.

Bibi Hempel ametuma mwaliko: kesho Ottilie akaimbe mbele ya wageni, na Bwana Rackwitz atakuwepo. Ottilie akashangaa kualikwa na mtu asiyemjua. Nikasema sifa husambaa. Akaniangalia kwa muda, akauliza kama nimefanya kitu. Nikasema nimempenda, hilo ndilo nililofanya. Akaridhika. Au alirudi kwenye piano, jambo ambalo ni karibu sawa.

Jumapili, 7 Machi

Sijui nianzie wapi.

Tulifika saa tisa. Bibi Hempel mlangoni, hariri ya rangi ya zambarau, nakala kifuani kama mtoto mchanga. Akamuuliza Ottilie kama bata alikuwa laini. Ottilie akanigeukia polepole. Nikaanza kusifia mapazia.

Tulipoingia sebuleni, kumbe Baronesa ameketi karibu na jiko la joto. Fickler ndiye aliyemleta; bila shaka alimwona mtumishi wake ngazini akileta bangili! Alikuwa amemweleza kwamba leo zitaimbwa nyimbo mpya za Bibi Lindig, yaani Ottilie wangu, naye Baronesa akaona haifai nyimbo zake ziimbwe yeye hayupo. Nakala mapajani. Utepe wa waridi.

Mbinu yangu ikawa kuwaweka mbalimbali. Nikamsihi Bibi Hempel akae dirishani, kwamba mwanga unampendeza. Ottilie akaimba nyimbo tano, nikamfunulia kurasa kwa haraka hata nikafunua mbili kwa pamoja. Akaendelea kwa kichwa, bila kukosea. Mke wangu!

Kabla ya wimbo wa sita Fickler akasimama. Akasema ni desturi nzuri bibi aliyetabarukiwa asogee kwenye piano, wageni wampongeze. Basi ni nani huyo mwenye bahati?

Wakasimama wawili.

"Nadhani Baronesa amechoka kukaa," akasema Bibi Hempel.

"Nadhani Bibi Hempel hajanielewa," akasema Baronesa, akafungua ukurasa wa kwanza. Bibi Hempel naye akafungua wake. Rackwitz akavaa miwani, akasoma huku, akasoma kule, akaanza kutafuta kofia yake. Nikaona gulio la Pasaka linaondoka pamoja na kofia hiyo. Baronesa akaitazama bangili mkononi mwa mke wangu, akasema inampendeza sana yule aliyeipata kwa udanganyifu.

Ottilie akawa mwekundu mpaka masikioni. Akaniangalia mara moja tu. Sitaki kuangaliwa hivyo tena.

Kisha akavuta kiti cha pili mbele ya piano.

Akasema, kwa sauti tulivu kabisa, kwamba bila shaka mumewe alisahau kueleza. Wimbo wa sita ameupanga kwa mikono minne, na kazi ya watu wawili kwenye piano moja huwa na wenyewe wawili. Angeona fahari kubwa kama mabibi wangeucheza kwa mara ya kwanza. Baronesa sauti za juu, kama inavyomstahili. Bibi Hempel sauti za chini, kwa kuwa bila za chini, zile za juu hazina pa kusimama.

Wote wawili wakaona wamependelewa.

Wakaketi, Ottilie akisimama nyuma yao na kuwanong'oneza noti. Walicheza vibaya kupita maelezo. Viwiko viligongana. Kwenye mzunguko wa pili Baronesa akacheka, Bibi Hempel akamwambia, "Sogea basi, mwenzangu, unanibana," naye akasogea. Wageni wakataka warudie.

Rackwitz akaweka kofia chini. Akasema muziki wa mikono minne unauzika kama mkate wa moto. Atachapa huo kwa ajili ya Pasaka, wenye majina mawili, endapo Ottilie atamletea zote sita zikiwa zimepangwa hivyo kufikia Alhamisi. Zile za kuimbwa zitangoja gulio la vuli. Fickler akavua pete, akaivaa tena.

Njiani Ottilie alitembea hatua mbili mbele yangu hadi kwenye ngazi zetu. Hapo akasema alizitunga ziimbwe, na sasa zitatoka bila maneno. Kisha akauliza, "Mjomba wa Halle yupo kweli?"

Nikasema hayupo tena. Akaegemea ukuta akacheka mpaka Fickler akagonga. Akaniapisha hapohapo: sitamwandikia tena bibi yeyote kuhusu nyimbo zake. Nikaapa kwa machozi.

Alhamisi, 11 Machi

Zote sita zimefika kwa Rackwitz. Ottilie amesinzia kwenye kiti, vidole vyote vina wino sasa. Hakuna kitu kizuri zaidi duniani.

Nimekitafakari sana kiapo changu, na nitakitimiza neno kwa neno. Niliapa kuhusu mabibi, na kuhusu nyimbo. Kwa hiyo leo nimewaandikia mabwana watatu, mmoja ni jenerali, nikiwatabarukia simfoni ya Ottilie, muziki wa okestra nzima.

Simfoni yenyewe hajaianza. Nitamwambia akiamka.