Kipande cha Kumi cha Chapati

Leo aibu imenipata mchana peupe, mbele ya wazazi, rabi mmoja na unyoya wa kuku. Kaeni chini. Anayekunywa chai aiweke mezani kwanza, maana chai ndiyo iliyoniponza.

Kwa wasionijua, mimi ni Mueni, mwalimu. Nakaa Dandora, Nairobi, nafundisha mtaa wa Fedha, katika shule ndogo ya Kiyahudi. Ndiyo, Kiyahudi. Hapana, si Sabato. (Majirani wa shule wameelezwa mara mia na bado wanatuita "wale Wasabato wa vikofia".) Tuna watoto ishirini na wawili, orofa ya juu ya nyumba ya kupanga, na bango ambalo mvua imefuta nusu ya jina. Familia zenyewe ni za akina Kamau na akina Njeri kama zingine zozote. Ila wazee wao walisoma Biblia, wakafika mwisho wa Agano la Kale, wakaifunga wakasema inatosha.

Mimi mwenyewe ni Mkamba wa kanisa, kwaya na kitambaa kichwani. Niliajiriwa kufundisha hesabu na sayansi. Nilipompigia mama simu kumwambia nimepata kazi shule ya Kiyahudi, alikuwa na swali moja tu.

"Na Yesu wanamjua?"

"Mama, ni wa ukoo wao."

"Haya basi. Wasalimie."

Shida ya shule kama yetu si watoto. Ni walimu. Mtu anayejua Kiebrania, anayejua sheria za dini, na anayekubali kufundisha Fedha chini ya mabati yanayochemka, hapatikani. Tuliyekuwa naye alipata nafasi ya kusoma ng'ambo mwezi wa kwanza. Akaondoka na kitabu cha mwongozo wa mwalimu. (Kilikuwa kimoja.) Wiki hiyo hiyo mwalimu mkuu, Madam Wanjiru, akaniita ofisini na kunimiminia chai kwa mkono wake.

"Mueni, nimeona wewe unasoma haraka."

Hapo ndipo ningekimbia. Sikukimbia. Nikanywa chai. Mnaona sasa mambo ya chai yalipoanzia.

Tangu siku hiyo nafundisha dini ya watu. Usiku nasoma kurasa mbili kwenye simu, asubuhi nafundisha moja na nusu, ile nusu nyingine naiacha akiba ya maswali. Na maswali yapo! Kuna msichana anaitwa Tirza, wa darasa la sita. Huyo mtoto alizaliwa kuwa mkaguzi. Siku ya kwanza nilipoeleza kwamba wakati wa Pasaka Myahudi hali wala haweki nyumbani chochote chenye chachu, mkono wake ukawa juu kabla sijamaliza sentensi.

"Ticha, chapati je?"

"Chapati haina hamira, Tirza. Chapati iko sawa."

Darasa zima likashangilia. Kumbe nimewadanganya watoto wote ishirini na wawili, maana somo la dini wanasoma pamoja. Sheria yao haiangalii hamira. Unga wa ngano ukishapata maji na kuachwa umetulia dakika kumi na nane, basi umeshakuwa chachu. Na ni nani Nairobi hii anakanda unga wa chapati bila kuuacha upumzike nusu saa? Kesho yake nikasimama mbele ya darasa nikakiri. Wengine walilia. Wa darasa la kwanza waliniangalia kana kwamba chapati nimezipiga marufuku mimi.

Basi leo rabi alikuwa anakuja. Rabi ni mwalimu wao mkubwa wa dini, na huyu ndiye anayeangalia masomo yetu. Alikuwa na jambo moja tu la kuamua: darasa la dini nibaki nalo, nikapate mafunzo likizo hii, au lifungwe mpaka apatikane mwalimu anayestahili. Na sisi tunajua hiyo "mpaka apatikane" ni lini. Wazazi walishasema wazi kwamba bila somo hilo watawapeleka watoto shule zingine, ambako mitihani mingine huwekwa Jumamosi na mtoto anachagua kati ya Sabato yake na alama zake.

Niseme ukweli, nililitaka hilo darasa. Nililitaka sana. Sijawahi kufundisha kitu watoto wakakimbilia mlangoni kuniuliza zaidi. Kwenye hesabu wanakimbilia mlangoni kutoka.

Sasa, kabla ya Pasaka kuna desturi moja tamu. Nyumba inasafishwa hadi nyufani, halafu jioni ya mwisho watu wanapita na mshumaa, kijiko cha mti na unyoya, wakitafuta mabaki ya mkate. Ili wasitafute bure, mtu anaficha vipande kumi kwanza. Vikipatikana vyote, vinachomwa asubuhi. Ile ya kweli wanaifanya nyumbani kwao, lakini sisi tulipanga kuwafanyia watoto zoezi leo saa nne asubuhi, rabi na wazazi wakitazama. Mfichaji nilikuwa mimi.

"Uandike mahali utakapoficha," Madam Wanjiru akaniambia jana.

"Vipande kumi tu, Madam! Mimi ni mwalimu wa hesabu."

(Hayo maneno yaandikwe kwenye kaburi langu.)

Nimetoka Dandora leo bila kula. Nikapita kwa mama wa kibanda pale karibu na shule, nikanunua chapati mbili za moto. Nikaingia darasani mapema, nikazikata vipande kumi, kila kimoja nikakifunga kwa karatasi ya daftari ili kisimwage makombo. Nikajitengenezea kikombe cha chai. Kisha nikaanza kuficha. Kimoja nyuma ya ramani ya Kenya. Kimoja chini ya zulia. Kimoja ndani ya kengele. Nilijisikia fundi kweli kweli. Nikafika cha tisa, kwenye mfuko wa koti la Madam, kwa uchokozi tu.

Cha kumi nikakishika mkononi, kikombe mkono wa pili, nikizungusha macho nitafute pa kukiweka. Simu ikalia. Madam Wanjiru.

"Mueni! Rabi amefika mapema! Yuko getini! Umemaliza?"

Nikiwa namsikiliza, simu nimeibana begani, nikawa nazunguka chumba huku nanywa chai yangu. "Nimemaliza, Madam. Vyote viko mahali pake." Nikaweka kikombe dirishani, nikapangusa midomo, nikakimbia getini.

Hapo bado nilikuwa mwalimu mwenye heshima zake.

Rabi ni mzee mrefu, ndevu nyeupe, suti nyeusi, na chini viatu vya ngozi vya soko la Kariokor. Ametoka nchi za nje lakini amekaa Nairobi miaka mingi, na Kiswahili chake alifundishwa na fundi wake wa viatu. Kwa hiyo anakiongea kama mtu anayepatana bei.

"Mwalimu! Karibu, karibu! Nasikia una kitu kizuri. Leta tuone!"

Tukapanda juu. Wazazi walikuwa wamejipanga ukutani. Madam alikataza mshumaa kwa sababu ya mapazia, kwa hiyo Tirza alishika tochi. Mwenzake akashika kijiko. Unyoya ulitoka buchani, na bado ulikuwa na harufu ya kwao. Watoto wakasoma baraka kwa Kiebrania bila kukwama hata mahali pamoja. Rabi akatikisa kichwa kwa furaha. Mimi nikavimba kifua.

Wakaanza. Ramani: kimoja! Zulia: cha pili! Kengele: cha tatu! Wazazi wakapiga makofi. Halafu mambo yakaanza kuharibika, kwa sababu nilikuwa nimewafundisha hawa watoto watafute kwa bidii, nao wakatafuta kwa bidii.

"Ticha, hii haina karatasi," akasema Tirza. Alikuwa ameinua nusu pakiti ya biskuti kutoka sanduku la huduma ya kwanza.

Nyuma ya kabati wakatoa chapati moja nzima, kavu, ya enzi za mwalimu aliyeondoka. Kisha wakaingia ofisini. Kwenye droo ya Madam Wanjiru, yule yule aliyetuandikia barua wiki nzima kwamba asionekane mtu na mkate shuleni, wakatoa mandazi mawili ndani ya leso.

"Hayo ni ya mgeni," akasema Madam.

"Mgeni gani?" akauliza rabi. Maana mgeni alikuwa yeye.

Nilicheka. Nakubali nilicheka, na Mungu aliniona nikicheka.

Mwishowe rabi akapanga kila kitu mezani, kwa utaratibu, vyangu vya karatasi upande mmoja na hivyo vingine upande wa pili. Akaniangalia.

"Sasa mwalimu. Hizi zako, mwisho ngapi?"

"Kumi, Rabi."

"Hapa naona tisa."

"Hapana, ni kumi."

"Tisa, mwalimu. Si ni wewe wa hesabu?"

"Kiko wapi cha kumi?" akauliza Madam, taratibu, kwa ile sauti yake ya kikao cha nidhamu. "Soma ile orodha."

Orodha. Jamani.

Nikasema kiko... kiko... na akili yangu ikawa nyeupe kama ubao mpya. Nikaona ramani, zulia, kengele, koti, mpaka tisa. Baada ya hapo, giza. "Kitakuwa juu ya rafu," nikasema. Hakikuwepo. "Basi kwenye viatu vya michezo." Viatu vikamwagwa, harufu ikatutoa machozi, kipande hakuna. Wakati huo kila mtu alikuwa anatafuta. Baba mmoja, dereva wa lori, alisimama juu ya dawati akipapasa juu ya mbao za dari. Mama mmoja alikuwa anapekua kikapu cha taka. Rabi mwenyewe, na umri wake, alipiga magoti na suti yake nyeusi akaingia chini ya meza yangu na tochi. Nilitazama nyayo za vile viatu vya Kariokor zikitokeza huko chini nikajua darasa langu limekwenda.

Nusu saa nzima! Watoto wadogo wakaanza kuuliza kama watakula.

"Mwalimu," Madam akaninong'oneza, "hicho kipande ulikificha kweli?"

"Nilikificha! Nilikishika kwa mkono wangu huu!"

Ndipo nikasikia sauti ya Tirza kutoka dirishani.

"Ticha. Karatasi iko. Mkate hauko."

Alikuwa ameinua kikombe changu. Akakiinamisha ili watu wote waone. Ndani, chini kabisa, kwenye masalio ya chai, karatasi ya daftari imejikunja, na ubavuni mwa kikombe kipande kidogo cha chapati kimeganda, kidogo kama ukucha.

Nilikuwa nimekichovya. Nimekichovya kwenye chai na kukila, nikiongea na simu, nikisema vyote viko mahali pake.

Tirza akanisogelea na ule unyoya, akanipangusa kola ya sweta kwa upole, kama mganga, na kombo moja likaanguka kwenye kijiko. Akaligeukia darasa.

"Cha kumi," akasema.

Halafu mtoto wa darasa la kwanza, mmoja wa wale walioniangalia vibaya kwa ajili ya chapati, akauliza kwa sauti iliyofika hadi barabarani:

"Sasa si kila tunachopata lazima kichomwe? Ticha naye tutamchoma?"

Yule baba wa lori ndiye aliyeanza. Alicheka akashindwa kushuka dawatini. Wazazi wakafuata, Madam Wanjiru akafuata (yeye wa mandazi!), na mimi nikasimama na kombo langu kwenye kijiko nikitamani sakafu ipasuke niangukie kwa wapangaji wa chini.

Rabi akatoka chini ya meza na utando wa buibui kwenye ndevu. Hakucheka. Akawageukia watoto.

"Swali zuri sana. Mnaonaje? Tumchome?"

Mikono yote ikawa juu. Tirza akasema hapana, kwa sababu kuchoma ni asubuhi ya siku yenyewe, na kabla ya hapo mtu anaruhusiwa kula mkate wake. Mwingine akasema kinachotakiwa ni mkate usiwepo, na huo haupo. Mwingine akaongeza kwamba chapati ni chachu hata bila hamira, akaeleza zile dakika kumi na nane moja baada ya nyingine. Walibishana robo saa, wakijibizana kwa sheria, na sikuingilia hata mara moja. Sikuweza. Kila nilipofungua mdomo, mtoto mwingine alikuwa ameshajibu.

"Haya," rabi akasema mwishowe. "Kuondoa mkate kwa kula ni halali kabisa. Mwalimu wenu amefanya kazi yake kabla yetu sote." Akajipangusa magoti, akaniangalia. "Nimeona shule nyingi. Watoto wanasoma baraka vizuri, halafu ukiwauliza kwa nini, wananyamaza. Hawa hawanyamazi. Mafunzo yanaanza likizo, mwalimu. Utakuja?"

Nikasema ndiyo. Nadhani nilisema ndiyo. Nililia kidogo, lakini ni vumbi la mlangoni tu.

"Sharti moja tu," akasema, na yule fundi wa viatu akasikika kabisa ndani yake. "Uje umeshiba."

Kwa hiyo ndugu zangu, darasa ni langu. Mama nimeshamwambia, amesema wasalimie. Naomba tu msicheke, na msinitag kwenye picha za chapati. Getini wakati wa kwenda nyumbani watoto ishirini na wawili wamepita mmoja mmoja wakinipungia mkono: "Kwaheri, Cha Kumi!" Na wa mwisho alikuwa Madam Wanjiru.