Mamlaka ya Taa ya Ngazi

Inatangazwa kwa watu wote wa Kurasini, wakubwa kwa wadogo, kwamba taa ya ngazi nyumbani kwa Bwana Gaudens imepata utawala bora. Maneno hayo ni yake mwenyewe. Aliyatamka amevaa tai, mbele ya mkewe, mkwewe na kuku wawili.

Gaudens alikuwa karani mkuu wa bomani, na Serikali ilikuwa imempa nyumba ya ghorofa aliyohama mzungu mmoja wa bandarini. Panya walikuwa wamezitafuna nyaya za umeme, ikabidi zibadilishwe nyumba nzima. Mkewe, Demetria, aliomba jambo moja tu: taa ya ngazi iwe na swichi mbili, moja chini na moja juu. Mama yake, Bi Auleria, alikuwa analala ghorofani, na macho yalikwisha anza kumtupa mkono.

"Kazi ndogo hiyo, bwana," alisema Muhsin, fundi wa Temeke. "Unawasha chini, unapanda, unazima juu. Ukishuka, kinyume chake."

"Ngoja kwanza. Mie nikiwasha juu, mtu wa chini anaweza kunizimia?"

"Anaweza."

"Bila idhini?"

"Swichi hizi hazina mkubwa, bwana. Aliyegusa mwisho ndiye mwenye taa."

Gaudens alihisi baridi. Wiki ileile Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, alikuwa amewaeleza makarani kwamba madaraka hutolewa hatua kwa hatua, kwa sababu watu wa chini bado hawajawa tayari. Gaudens alipiga makofi kuwashinda wote. Alikuwa anakitamani cheo cha msaidizi wa Bwana Shauri, cheo chenye kiti cha kuzunguka.

Basi akaamuru umeme upitie kwanza swichi ya juu. Ya juu ikizimwa, ya chini ibonyezwe mpaka kidole kiote sugu, taa haiwaki ng'o.

"Sasa hii ya chini ya nini?" Muhsin akauliza.

"Ya ushauri."

"Haya. Nyumba yako, wazimu wako," Muhsin akasema, akaendelea kukaza skrubu huku anacheka.

Utaratibu ulikuwa mwepesi. Mwenye shida ya mwanga alisimama chini, akabonyeza, akaita, "Naomba mwanga!" Gaudens akajibu kutoka juu, "Ombi limepokelewa, linazingatiwa," kisha akamaliza gazeti lake. Jumanne moja Bi Auleria aliomba, akazingatiwa mno, akachoka kusubiri, akapanda gizani na kikombe cha uji. Mguu ukateguka. Gaudens alisikitika kwa dhati, akaeleza kwamba mama alikuwa bado hajawa tayari. Demetria alimkanda mama yake kwa maji ya moto.

Sifa za ile taa zilipofika bomani, Bwana Shauri akaja kula chakula cha jioni na kuikagua. Kwa kuwa mwenyeji hamwachi mgeni peke yake, ilibidi Gaudens amkaimishe mkewe mamlaka ya juu.

"Ukisikia ombi, Mama Adelina, fuata utaratibu."

"Nitaufuata, Baba Adelina. Neno kwa neno."

Giza lilikuwa limeingia. Bwana Shauri akabonyeza swichi ya chini, taa isiwake.

"Safi sana!" akasema. "Wanabonyeza, wanaridhika." Akaanza kupanda, Gaudens nyuma yake.

"Naomba mwanga!" Gaudens akaita kwa fahari.

"Ombi limepokelewa, linazingatiwa."

Bwana Shauri akakosa kidato. Akamwangukia karani wake, wakaporomoka pamoja bila kujali vyeo, mpaka sakafuni.

"Goti langu! Gaudens, washa taa!"

Gaudens akapapasa ukuta, akabonyeza, akabonyeza tena. "Siwezi, bwana. Hii ni ya ushauri."

"Nani anaweza?"

"Mamlaka ya juu, bwana."

"Wewe huko juu! Naamuru, washa!"

Bi Auleria alisikika akikohoa, au labda akicheka. Kisha ikashuka sauti ya Demetria, ya upole, ya kiofisi kabisa.

"Amri haimo kwenye utaratibu. Huwa tunaomba."

Mkuu wa wilaya akalishika goti lake. "Naomba mwanga."

"Ombi limepokelewa," akasema Demetria. "Limezingatiwa. Ila huko chini bado hamjawa tayari."