Mvinyo Uliopata Alama Tatu

Jumatatu, 5 Agosti 2024
Siku kumi na mbili kabla ya jubilei yetu, miaka ishirini na mitano ya ndoa. Mvinyo wangu wa maua ya rozela umetimiza wiki sita kwenye ndoo. Rangi nzuri mno! Nimeonja kijiko kimoja. Taya likakakamaa, jicho la kushoto likajifumba lenyewe. Na tumbo la Domitila, mke wangu, halitaki uchachu, hata kambale anamla bila ndimu. Nimemwahidi miaka yote kwamba siku ya jubilei atagonga glasi ya mvinyo wa mkono wangu. Kaka yake, shemeji Salvatory wa Mang'ula, amepiga simu: ataleta wake wa nanasi, asije mtu akakosa cha kunywa. Nimemwambia asisumbuke. Kasema si usumbufu.

Jumatano, 7 Agosti
Jirani yetu Ngusa, mwalimu wa kemia, kanipa vikaratasi vya kupimia pH na kadi ya rangi, namba sifuri mpaka kumi na nne. Akaanza kunieleza. Nikamwambia namba nazijua. Nimechovya. Tatu! Tatu kati ya kumi na nne! Binti yetu Omega alipoleta alama za namna hiyo darasa la sita, nilimkalisha chini nikamsema mpaka jioni. Aibu gani hii. Sijamwambia mtu.

Ijumaa, 9 Agosti
Dawa ilikuwa jikoni siku zote. Magadi! Kama yanalainisha maharage magumu, yatashindwaje na maji ya maua? Nimetia vijiko viwili. Mvinyo ukaumuka, ukapanda, ukamwagika mpaka chini ya kabati. Nimedeki kwa kitambaa kilichokuwa karibu. Kumbe ni kitenge cha Domitila cha kwaya. Nimepima: tano. Nikaongeza. Nane! Zaidi ya nusu! Nimeimba peke yangu.

Rangi imegeuka kidogo. Ilikuwa nyekundu, sasa ni kijani cheusi. Itatulia.

Jumatatu, 12 Agosti
Haikutulia. Ndoo inanuka. Nimemwita Mwalimu Ngusa, akacheka mpaka akakaa juu ya kinu. Kumbe namba ikishuka ndiyo asidi inazidi, na mvinyo mzuri hukaa kwenye tatu au tatu na nusu. Asidi ndiyo inayouzuia usiharibike. Amesema, Baba Omega, mvinyo wako ulikuwa umefaulu tangu mwanzo. Sasa angenieleza mapema! Nimekamua ndimu thelathini. Ukarudi mwekundu! Tatu na nusu! Mwalimu kanionya kwamba rangi siyo ladha. Wasomi wana wivu.

Jumamosi, 17 Agosti
Misa nzuri. Padri kausifu uvumilivu wa Domitila, mara tatu. Ukumbini nimejificha nyuma ya keki, nikaonja wangu. Chumvi, ndimu, na kwa mbali maharage. Nikaogopa. Kuchekwa nimezoea, nililiogopea tumbo lake. Basi nikammiminia mvinyo wa Salvatory, mimi nikachukua wangu. Sikufikiria kwamba wa nanasi ni wa njano. Domitila akautazama, akauliza ule alioahidiwa uko wapi. Nimemweleza yote, magadi, ndimu, kitenge, wageni wakiwa na glasi hewani. Akaninyang'anya glasi yangu mkononi, akanywa nusu nzima. Hakukunja uso. Salvatory ndiye aliyekunja.

Kisha akaninong'oneza kwamba hajawahi kuona mwanamume akihangaika na vikaratasi kwa ajili ya tumbo la mkewe. Machozi yakanitoka mbele ya watu wote. Nimewaambia ni ndimu.

Jumapili, 18 Agosti
Asubuhi nimemkuta Domitila ameinama kitandani, kashika tumbo. Nimekimbia peku mpaka duka la dawa, nikarudi nahema. Kumbe anacheka! Amekumbuka uso wa kaka yake. Nampenda mwanamke huyu, sijui nifanyeje.

Ameniapisha, mkono juu ya cheti cha ndoa, kwamba sitatia tena magadi kwenye kinywaji chochote. Nimeapa kwa moyo mweupe. Mchana, alipoenda kwaya, nimeanzisha ndoo mpya, ya ndizi, kwa ajili ya Krismasi. Nimechekecha vikombe viwili vya majivu, nayo hulainisha maharage, na kuviweka tayari. Majivu hakuyataja.