Mvi za Rafiki Yangu

Jumatatu, 6 Oktoba

Siku mbaya. Nimekata vioo vya kabati la duka la viatu, na katika kila kimoja nimemkuta mzee mmoja mwenye mvi akinikodolea macho. Ndiyo adhabu ya kazi hii. Mwashi hajioni kwenye matofali yake. Mimi najiona kutwa, mbele, ubavuni na kisogoni.

Uamuzi: nitamposa Mpima Macho. Alikuja mwezi uliopita kuagiza kioo cha chumba chake cha kupimia wagonjwa. Mjane. Sauti ya taratibu. Alikitazama kioo kwa upande, kisha akasema hakina wimbi hata kidogo. Miaka yote hii nakata vioo visivyo na wimbi, na hakuna mtu aliyewahi kuliona jambo hilo! Imamu amekubali kunipeleka. Jumamosi alasiri, nyumbani kwa kaka yake.

Kikwazo cha kwanza ni mvi. Cha pili ni Kipara, fundi saa wa duka linalotazamana na langu. Huingia nyumba ile hodi ikiwa bado mdomoni. Hunywa chai, hutoka akipiga mluzi. Na kichwani hana hata unywele mmoja, kwa hiyo hakuna ajuaye umri wake. Ni rika langu yule, ila ushahidi ameufagia.

Nimemwambia dada kwamba nitapaka kanta, rangi ya nywele, nyeusi tii. Dada ni mkubwa wangu, na tangu nifiwe na mke amenikalia kichwani kama kilemba. Ameacha kuchambua mchele akanitazama.

"Mdogo wangu, yule mwanamke analipwa kwa kuona. Wewe utamficha nini?"

Kisha akaongeza kuwa weusi una maneno katika dini, nikaulize kwanza. Nimekasirika. Nimekasirika zaidi kwa kuwa ni kweli.

Jumanne, 7 Oktoba

Nimemvizia imamu baada ya adhuhuri, watu walipokwisha kuvaa viatu. Nimemwambia nina swali, si langu, ni la rafiki yangu. Rafiki huyu ana mvi, anataka kupaka rangi. Hukumu yake?

Jibu limeanza vizuri mno. Amesema kubadili mvi hakuna ubaya, bali kunapendekezwa, na hina ndiyo bora. Nikaanza kutabasamu. Akaendelea. Weusi mtupu ndio wenye utata: wapo wanavyuoni walioharamisha, wapo waliosema ni karaha, na wapo waliolegeza kamba. Nikauliza haraka hao wa mwisho wanapatikana wapi. Akasema hata hao hawakulegeza kwa mtu anayetaka kumhadaa mwenzake, na zaidi ya yote katika posa. Mwanamke ana haki ya kumjua anayemposa.

Nimemshukuru kwa niaba ya rafiki yangu. Nilipofika mlangoni akaniita.

"Mwambie rafiki yako ashushe kofia kidogo. Mvi zake zinanichungulia."

Jumatano, 8 Oktoba

Sikulala, nimefikiri. Mtu aliyesoma hadi kidato cha nne hashindwi na mlango mmoja uliofungwa. Nimekumbuka darsa la zamani: wanavyuoni waliruhusu weusi kwa mpiganaji, ili adui amdhanie kijana akatetemeka.

Imamu amekuja dukani kuchukua kioo cha kabati lake la vitabu. Nimempangia hoja yangu hatua kwa hatua. Moja, vitani weusi umeruhusiwa. Mbili, rafiki yangu yuko vitani. Akaniuliza vita gani. Nimetazama tu ng'ambo ya barabara, ambako Kipara alikuwa amejibandika kijilenzi chake jichoni, upara uking'aa. Imamu naye akatazama. Tumetazama wote wawili kwa muda.

Halafu akauliza kama kioo chake kiko tayari.

Alhamisi, 9 Oktoba

Nimerudi kwenye hina. Halali isiyo na mjadala. Kwa kuwa mimi si mtu wa papara, nimeijaribu kwanza mahali padogo, nyuma ya sikio la kulia. Nimesubiri, nimeosha, nimetazama katika vioo viwili vilivyoelekeana.

Rangi ya karoti!

Kipara amekuja kuomba gundi. Ameinama nyuma yangu, akauliza kwa upole kama nilichomwa na waya wa umeme. Nimempa gundi ambayo imeanza kukauka.

Baadaye, nikiwa natengeneza fremu, akili imefunguka. Fundi hang'arishi upande wa fremu unaoelekea ukutani. Hung'arisha unaoonekana. Sasa, kichwa changu kina upande gani unaoelekea ukutani? Ulio chini ya kofia! Nimevaa kofia, nimepitisha penseli kuizunguka, nimevua, nimepima. Kinachoonekana ni kama robo ya kichwa. Kwa hiyo hata kama kuna kosa, ni robo ya kosa. Na robo ya karaha ni kitu gani? Haionekani hata kwa darubini.

Habari ya kuhadaa nimeimaliza hivi: kuhusu umri wangu sitasema uongo. Sitausema kabisa.

Ijumaa, 10 Oktoba

Nimepaka kanta. Mstari wa penseli umesaidia sana. Mpaka umenyooka kama ukingo wa kioo, ila ile karoti nyuma ya sikio imekataa kushika weusi. Kisha nimejihoji kuhusu udhu. Rangi ikiacha utando, maji hayafiki kwenye nywele, na udhu hautimii. Nimesugua na kusuuza hadi ngozi imewaka moto. Hakuna utando, imebaki rangi tu. Mtu asiseme sijali dini.

Nimepaka na mafuta mengi, ili ule weusi ung'ae. Kwa kofia, mimi ni mtu wa miaka arobaini. Bila kofia sijitazami.

Dada ametazama. Amesema nafanana na sufuria lililoungua pembeni. Amenisihi ninyoe zote, kesho niende na kichwa cheupe na moyo mweupe. Kunyoa? Ili Kipara aseme nimemuiga? Bora kufa. Dada amejibu kuwa kufa hakuhitaji kanta, ameingia ndani.

Jumamosi, 11 Oktoba

Nitaandika kwa mpangilio.

Tumepokewa vizuri. Kaka wa Mpima Macho, dereva wa lori mstaafu mwenye viganja kama makasia, ametuketisha sebuleni. Dada ameingia ndani kwa wanawake. Na nani ameketi kwenye kiti cha pembeni ya kaka, amejinyoosha kama mwenye nyumba? Kipara.

Nimekohoa. Kaka amenitambulisha kwake kana kwamba simjui. Akasema huyu ni ndugu yetu wa kunyonya. Marehemu mama yetu alimnyonyesha pamoja na huyu dada yetu, titi moja yeye, titi moja huyu. Mbele ya sheria ni kaka yake hasa. Hawezi kumuoa hata dunia ibaki na watu wawili, yeye na yeye.

Vita vyangu vyote, kumbe napigana na shemeji! Kipara akaongeza, akichovya mkate kwenye chai, kwamba yeye ndiye aliyemwelekeza dada yake duka langu. Alimwambia fundi yule ana mdomo mrefu lakini kioo chake hakisemi uongo.

Adhana ya alasiri ikaadhiniwa. Kaka akasema tusali hapo hapo, wanawake nyuma. Kwenye udhu sikuvua kofia. Nimeingiza vidole vibichi ukingoni, nikapangusa kwa mbele. Katika madhehebu yetu sehemu ya kichwa inatosha, nami sijawahi kuyapenda madhehebu yetu kama leo.

Nilifikiri imamu atatangulia. Akanishika bega. "Anayetaka kuongoza nyumba aanze na safu."

Nikasimama mbele yao. Rakaa ya kwanza, kusimama, kurukuu, vyote sawa. Sijida. Yale mafuta! Kofia imeteleza kama samaki. Imesimama kwa ukingo, imebingiria taratibu juu ya mkeka, imepita kando yangu, imerudi nyuma, na nimesikia ikilala mahali fulani karibu na Kipara.

Katika swala mtu hawezi kugeuka, hawezi kueleza. Nimeinuka na kichwa changu chote: juu theluji, pembeni lami, nyuma ya sikio karoti, na ule mpaka ulionyooka ukizunguka. Rakaa tatu zilikuwa bado. Mtu mmoja nyuma yangu alianza kupumua kwa pua. Katika rakaa ya tatu, akashindwa. Kucheka hubatilisha swala, kwa hiyo tulipotoa salamu tulimsubiri Kipara aisali yake upya, peke yake, mabega yakiruka.

Kaka alinirudishia kofia kwa mikono miwili, kama mtu anayerudisha mtoto aliyepotea. Akauliza kwa adabu sana kama mvi zetu upande wa kwetu huota juu tu. Imamu alikuwa anasoma dua ndefu kuliko kawaida.

Ndipo Mpima Macho akasema kutoka mlangoni. Hakuinua sauti.

"Mvi zake niliziona siku ile dukani, kwenye kioo chake mwenyewe, zote. Umri wake dada yake, aliyekuwa amemletea chakula, alinitajia siku hiyo hiyo. Nikasema huyu mtu mzima, kazi yake safi, na hajifichi. Posa hii niliipokea kwa ajili ya kile kichwa."

Nilitamani kioo kipasuke, lakini hapakuwa na kioo. Nikasema nimekosea. Nilisema hivyo tu, na sikutaja robo.

Mpima Macho akasema hakatai. Ila hawezi kuanza nyumba na mtu nusu nusu. Niache rangi iishe yenyewe. Siku kichwa kikirudi kama alivyokiona kwenye kioo, nije tena, na safari hiyo chakula kitapikwa.

Hakatai! Njiani dada hakunisema hata kwa neno moja, jambo lililoniogopesha kuliko yote.

Jumapili, 12 Oktoba

Nimelala vizuri. Nimeamka mtu mpya. Somo nimelipata: mwanamke anataka mvi.

Tatizo ni muda. Kinyozi amesema nywele za mtu wa rika langu hukua kwa uvivu, huenda hadi mwaka mpya. Dada amesema nisubiri, subira ni nusu ya ibada. Amerudia lile la kunyoa. Lakini Mpima Macho ameagiza kichwa alichokiona, na hakuona upara. Mwaka mpya ni mbali. Katikati hapo anaweza kutokea fundi mwingine mwenye mvi zilizo tayari.

Adhuhuri nimemvizia tena imamu. Nimemwambia nina swali la rafiki yangu. Je, kama mtu ana nywele nyeusi, anataka kuzifanya nyeupe, hukumu yake?

Imamu ameweka kiatu chini.

"Rafiki yako bado yu hai?"

Nimesema anaendelea vizuri. Akavuta pumzi. Akasema hata hilo wanavyuoni wa kale waliliandika. Walikuwapo watu waliofukiza ndevu kwa kibiriti, yale madini ya manjano, ziwe nyeupe, waonekane wazee wa kuheshimiwa, na wanavyuoni wakalichukia jambo hilo. Akanitazama machoni, akaniuliza kama rafiki yangu amesikia. Nimesema amesikia.

Amesikia vizuri kabisa. Walitaja kibiriti. Dawa ya kung'arishia mashuka hawakuitaja.

Duka la sabuni hufunguliwa kesho asubuhi. Sitakuwa na papara. Nitaijaribu kwanza mahali padogo, nyuma ya sikio. La kulia limekwisha kuwa karoti, nitatumia la kushoto.