Neti Pei Ajizalia Mtoto Mwenye Ndevu

Chai ya asubuhi ile iliharibiwa na Mogesi, dereva wa lori la maji kwa mkandarasi mmoja wa mgodini. Tunamwita Neti Pei, maana hawezi kusema sentensi mbili bila kulilia kilichobaki baada ya makato. Alifika gengeni kwa Mama Efrazia, hapa Nyangoto, akapanda juu ya tairi bovu la lori la mgodi tulilolifanya benchi, akatangaza:

"Jamani, kodi yangu inashushwa!"

"Nani kakudanganya?" akauliza Mboje, mchimbaji kutoka Bariadi. Huyu ni Ndevu. Ukimwona utadhani amemeza beberu, mkia ukabaki nje.

"Tangazo limebandikwa ofisi ya mishahara. Kila mfanyakazi apeleke majina ya wategemezi wake kabla ya Ijumaa."

"Kodi imetajwa wapi hapo?" nikauliza.

"Divisheni Foo, nyamaza. Wenye vyeti wanaongea."

Divisheni Foo ndiye mimi. Jina nilipewa na matokeo ya kidato cha nne.

"Mwacheni, mimi hiyo kitu naielewa," akadakia Otiende, bodaboda wa Sirari. Huyo tunamwita Balozi, kwa sababu hakuna nchi ambako hana binamu. "Binamu yangu Amondi yuko Marekani. Kule unamwandikia mwajiri: nina mke, nina watoto, namlisha mama. Kila tumbo linapunguza kodi. Mwezi ujao mshahara unatoka umenenepa, yawa!"

"Hiyo Marekani, Balozi. Hapa Tarime."

"Tumbo ni tumbo! Kwani la Marekani lina milango miwili?"

Neti Pei akapiga kofi hewani. "Umeona? Mimi kodi ya mshahara imenichosha. Ni mgeni anayekula jikoni, halafu mezani unaletewa sufuria ukwangue."

"Afadhali yako, mgeni mmoja," Ndevu akamwambia. "Mimi, mwenye duara la kuchimba dhahabu anakata, mwenye shamba anakata, mwenye karasha ya kusagia mawe anakata. Nikifika nyumbani hata panya ananiangalia kwa huruma."

"Wewe huna shemeji kama Method!" Neti Pei akashuka kwenye tairi, sauti nayo ikashuka. "Kaka yake mke wangu Rahabu amenipa mpaka mwisho wa mwezi. Yule ng'ombe mmoja wa mahari niliyebakiza asipofika kwao Nyarero, anakuja kumbeba dada yake."

"Na Method hatanii," Mama Efrazia akasema huku akigeuza maandazi. "Hata dada yao mkubwa, Method alimrudisha nyumbani ugali ukiwa bado unatokota."

Rahabu tunampenda wote. Anapika samaki kwa nazi, na huku nazi haioti.

"Basi peleka wategemezi," Balozi akahimiza. "Unao wangapi?"

"Mke mmoja."

"Na nani?"

"Na... jogoo."

"Mura, utaaibika!" Mama Efrazia akacheka.

"Niandike mimi," Balozi akajitolea.

"Wewe una kipara. Niseme ulizaliwa nacho?"

Ndevu akakohoa. "Niandike mimi, basi. Baba yangu alinikana tangu niuze fahali wake nije kutafuta dhahabu. Nafasi ya baba iko wazi."

"Na hizo ndevu?"

"Zitanyolewa. Ila mtoto ana haki zake."

"Haki zote, mwanangu! Miaka tutaandika kumi na saba."

Hata mimi niliyefeli hesabu nikaona tatizo. "Neti Pei, wewe una ishirini na sita. Huyu ulimzaa ukiwa darasa la tatu?"

"Nilikuwa na umbo kubwa."

"Na cheti chake cha kuzaliwa?"

"Kuna wakili ninayemjua, anaapisha hata mawe."

Mama Efrazia akaacha maandazi, akanyoosha mwiko. "Mogesi, sikia nikuambie. Mtoto haandikwi kwa mzaha. Kwetu, ukimwita mtu mwanao mbele za watu, ng'ombe wako wamesikia."

Lakini nani anamsikiliza muuza maandazi wakati Marekani imeshaongea? Ijumaa Ndevu alinyolewa. Chini ya zile ndevu tukakuta kidevu kidogo kama cha mtoto wa ubatizo. Picha ikapigwa, jina likapokelewa.

Mwisho wa mwezi Neti Pei alikuja polepole, kama mtu aliyetoka kuzika. Akakaa. Chai akaikataa.

"Umenenepa?" Balozi akauliza.

"Nimekonda! Luciana wa ofisi ya mishahara kacheka mpaka kashika meza. Anasema kodi ya hapa haiulizi unalisha matumbo mangapi, inaangalia unalipwa nini, basi. Wategemezi ni wa bima ya afya! Mke anabebwa na kampuni. Mtoto analipiwa na baba."

"Kwa hiyo..."

"Kwa hiyo kodi iko palepale, na juu yake nakatwa kwa ajili ya huyu!" Akamnyooshea Ndevu kidole. "Mwambie Luciana akufute. Anataka twende wote wawili, mtoto akane, baba atie sahihi."

Ndevu akapuliza chai yake taratibu. "Nimkane baba yangu? Kwa kosa gani? Kadi ya bima imeshaning'olea meno mawili. Wiki ijayo naenda kupimwa macho."

"Ndevu!"

"Halafu, baba, nilitaka kukuona. Nimepata mchumba Nyambureti. Wazee waliniuliza, baba yako nani? Nikawaonyesha kadi. Wanakuja kwako Jumapili. Mahari ng'ombe kumi na wawili."

Neti Pei akahesabu kwa vidole, vikaisha kabla ng'ombe hawajaisha.

"Si duara lenu lilitema dhahabu wiki iliyopita?" nikamuuliza Ndevu. "Hela unayo!"

"Ninayo. Lakini mahari ya mkono wa baba ina baraka zake."

"Hongera, ukoo unakua," Balozi akamwambia Neti Pei.

"Nilisema," Mama Efrazia akajibu, hakuinua hata macho. "Ng'ombe wamesikia."

Neti Pei akainama, mikono kichwani. Tukadhani analia. Alipoinua uso, alikuwa anatabasamu kwa namna iliyonitisha mimi nisiyehusika.

"Mwanangu, kwenye kadi una miaka mingapi?"

"Si unajua? Kumi na saba."

"Na ni mtoto wa nani?"

"Wako, baba."

"Mama Efrazia, mtoto wa Mkurya anaoa kabla ya kutahiriwa?"

"Tangu ng'ombe waumbwe, haijatokea."

"Desemba ni msimu," Neti Pei akamshika Ndevu bega, kwa upendo kabisa. "Nitakupeleka mwenyewe. Alfajiri, baridi, hakuna ganzi. Unasimama wima, hukonyezi hata kope. Ukoo mzima unakuangalia."

"Mimi Msukuma!"

"Kwenye kadi?"

"Lakini mimi... sisi kwetu mambo hayo..."

Sentensi hiyo hakuimaliza, na hakuna aliyehitaji amalizie. Mama Efrazia aligeukia karai, mabega yakicheka peke yake.

Ndevu akasimama. "Balozi, washa pikipiki."

"Kwenda wapi?"

"Kwa Luciana, kabla hawajafunga. Mimi yatima!"

"Polepole," Neti Pei akamzuia. Sasa ndipo akaomba chai. "Sahihi ya baba je?"

"Tia, bwana!"

"Inauma kumpoteza mtoto. Wa kwanza tena."

"Unataka nini?"

"Ng'ombe mmoja. Afike Nyarero leo, kwa Method."

"Ndama?"

"Desemba, mwanangu."

"Ng'ombe!" Ndevu akapiga kelele, mkono umeshika kidevu chake kitupu. "Mkubwa! Na pembe zake! Panda twende!"

Wakapanda wote wawili, baba nyuma ya mtoto, Neti Pei na kikombe cha Mama Efrazia mkononi. Balozi akapiga teke pikipiki, akatugeukia akiwa amevimba kifua.

"Mlinibishia hapa," akasema. "Sasa mtegemezi hajamwongezea ng'ombe?"